Udi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa



Usiku mmoja wa Ramadhan iliyopita tulikuwa tumekaa barazani baada ya tarawehe, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, ikapita matatu yenye muziki wa kutetemesha madirisha. Mzee mmoja akaisindikiza kwa istighfari ndefu. Hapo kijana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa maswali huyo, akasema: "Lakini kaka, mimi nimesoma ati zamani hospitali za Waislamu zilikuwa na watu wa kuwapigia wagonjwa muziki. Ni kweli ama tunajipamba tu?" Baraza likagawanyika papo hapo. Mmoja akasema huo ni uzushi mtupu. Mwengine akasema ni kweli, na tena ndiyo dalili kuwa muziki hauna neno. Tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hao wagonjwa walikuwa ni nani.

Nilimwahidi yule kijana kuwa nitamtafutia jibu. Jibu ni kwamba ndiyo, walikuwapo. Lakini habari yenyewe ni pana kuliko vile tulivyobishana, na mengine ndani yake hayapendezi kuyasikia. Hebu tuanze na kisa.

Palikuwa na mtu Baghdad akiitwa Yaaqub bin Is-haq al-Kindi. Alizaliwa Kufa mnamo mwaka 801 na akafa Baghdad mnamo 873. Ndiye ambaye Waarabu walimpa lakabu ya mwanafalsafa wao. Aliandika juu ya hesabu, nyota, dawa, manukato, na pia aliandika risala kadhaa juu ya elimu ya sauti na nyuzi. Sasa, al-Kindi alikuwa na jirani tajiri, mfanyabiashara mkubwa, ambaye hakumpenda hata kidogo. Kila akikaa na watu kazi yake ni kumsema na kumdharau. Tajiri huyu alikuwa na mwanawe aliyemwachia biashara yote. Kununua, kuuza, kukopesha, kulipa, yote yalikuwa kichwani mwa kijana. Babake alikuwa akila matunda tu.

Siku moja kijana akapigwa na kiharusi ghafla, akaanguka, hana kauli wala fahamu. Baba akachanganyikiwa mara mbili. Mtoto anakufa, na tena hajui nani anamdai wala yeye anamdai nani! Akaita matabibu wa mji. Wengi hawakutaka hata kujaribu, kwa jinsi hali ilivyokuwa nzito. Mwishowe akaambiwa: wewe unaishi ukuta kwa ukuta na mtu anayeyajua maradhi haya kuliko wote, mbona humwendei? Kwa aibu kubwa akatuma watu wamwombee, na al-Kindi akaja.

Akamshika kijana mshipa wa mkono, akanyamaza, akasikiliza mapigo. Kisha akaagiza waitwe wanafunzi wake wanne waliokuwa mabingwa wa udi. (Sio udi wa kufukizia, ndugu msomaji. Ule wa nyuzi, kama unaouona kwenye taarabu.) Wanafunzi hawa walikuwa wakizijua lahani za kuhuzunisha, za kufurahisha na za kutia moyo nguvu. Akawaweka upande wa kichwa cha mgonjwa, akawaonyesha vidole viende wapi kwenye nyuzi, akawaambia wasisite. Yeye mkono wake haukutoka kwenye mshipa. Wakapiga, wakapiga. Pumzi za kijana zikaanza kurefuka, mapigo yakapata nguvu, kidogo kidogo akatikisika, akakaa, akasema. Al-Kindi akamgeukia baba: muulize mwanao unayotaka kuyajua kuhusu mali yako, uandike. Tajiri akauliza na kuandika mpaka akamaliza. Punde wapigaji wakaipoteza ile lahani, wakalegea, na kijana akarudi katika hali yake ya kwanza. Baba akalilia wapige tena. Al-Kindi akamwambia haiwezekani, kwani yale yalikuwa ndiyo mabaki ya uhai wake, na muda aliouweka Mwenyezi Mungu hakuna wa kuurefusha.

Kisa hiki kimehifadhiwa na Ibn al-Qifti, mwandishi wa wasifu wa wanachuoni aliyefariki mwaka 1248, yaani karibu miaka 400 baadaye. Kwa hivyo mimi sikuapii kuwa kila neno lilitokea hivyo. Visa hunenepa njiani. Lakini tazama vile msimuliaji anavyomwona daktari wake. Al-Kindi hakuleta ngoma nyumbani kwa mgonjwa ili watu wachangamke. Alichagua wapigaji, akachagua lahani, akashika mshipa muda wote ili aone dawa inafanya nini mwilini. Na ilipofika mwisho wake, alikiri kuwa imefika mwisho. Tabibu anayejua kusema "hapa siwezi tena" ni wa kuaminiwa.

Utauliza, walifikiriaje kwamba uzi unaotetemeka unaweza kumgusa mtu ndani ya damu? Majibu yao yalitoka kwenye tiba ya Wayunani, waliyoipokea na kuipanua. Mwili, walisema, una maji manne: damu, belghamu, safura na sauda. Yakilingana mtu ana afya, moja likizidi anaugua. Maneno haya si mageni kwako. Belghamu tunalo hadi leo tukikohoa, safura pia, na nyanya zetu wa pwani bado wanakukataza kula chakula cha baridi ukiwa na mafua. Ile "baridi" wanayoisema haihusiani na friji. Ni elimu hiyohiyo, ilikuja na majahazi ikabaki jikoni.

Basi Ikhwan as-Safa, kundi la wanachuoni wa Basra katika karne ya 10, waliandika risala nzima juu ya muziki, na humo wakazilinganisha nyuzi nne za udi na maji hayo manne. Uzi mwembamba wenye sauti kali waliuona ni kama moto, na kazi yake kuipa nguvu safura na kuipinga belghamu. Uzi mnene wenye sauti nzito ni kama ardhi, na hivyo hivyo kwa zilizo kati. Leo hatuwezi kuikubali hesabu hiyo, maana hakuna maji manne ya namna ile. Lakini katika risala hiyohiyo wametaja jambo la kuonekana kwa macho: kwamba ilikuwapo lahani iliyotumiwa hospitalini wakati wa alfajiri ili kuwapunguzia wagonjwa maumivu. Kwa nini alfajiri? Aliyewahi kulala wodini anajua. Usiku wa mgonjwa ni mrefu, na saa ile ya kabla ya mapambazuko ndiyo inayouma zaidi.

Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037, alikuwa mkavu zaidi katika maneno yake. Katika al-Qanun, kitabu kilichosomeshwa kwa madaktari wa Mashariki na Ulaya kwa mamia ya miaka, amesema kuwa mapigo ya mshipa yana mpangilio kama wa muziki, na tabibu mwenye sikio huyasoma vizuri zaidi. Anapofikia mlango wa kutuliza maumivu, anataja kutembea polepole, uimbaji mzuri hasa ule unaoleta usingizi, na mtu kushughulishwa na jambo la kumfurahisha. Basi, mstari mmoja anapita. Hakuufanya muujiza. Kuna wale wanaopenda hadithi ya al-Farabi, ati alipiga ala barazani kwa mtawala wa Halab watu wakacheka, akabadilisha wakalia, akabadilisha tena wakalala mpaka mabawabu, naye akaondoka zake. Inachekesha, lakini mimi ule mstari mmoja wa Ibn Sina naupenda zaidi.

Sasa twende hospitalini.

Hospitali hizo ziliitwa bimaristani, neno la Kiajemi lenye maana ya mahali pa wagonjwa. Nuruddin Zengi alijenga yake Dameski mwaka 1154, na jengo lipo mpaka leo. Sultani Qalawun wa Misri aliwahi kuugua akiwa Dameski akatibiwa kwa dawa za hospitali hiyo, na inasemwa akaweka nadhiri kuwa akipata utawala atajenga mfano wake. Akaupata, na mwaka 1284 akajenga al-Mansuri mjini Cairo kwa kasi ya ajabu, akaiwekea wakfu ili wahudumiwe wanaume na wanawake, tajiri na maskini. Watu walioandika baadaye wamesimulia kuwa waliokosa usingizi waliletewa waimbaji na wasimulizi wa hadithi, na kwamba waadhini walipanda minarani mapema kabla ya alfajiri wakaleta sauti zao kwa ajili ya wagonjwa wanaokesha. Halab nako, mwaka 1354, ikajengwa bimaristani ya Arghun al-Kamili, yenye nyua za ndani zilizozungukwa na vyumba vya wagonjwa wa akili, na katikati ya ua hodhi la maji. Mgonjwa anakaa mlangoni, maji yanachuruzika.

Hapa lazima niseme lile lisilopendeza. Mwaka 1184 Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusi, alipita Dameski. Aliisifu sana hospitali yake. Aliona makarani wenye daftari za majina ya wagonjwa na mahitaji yao ya dawa na chakula, aliona madaktari wanaopita mapema asubuhi kuangalia kila mmoja. Halafu akaongeza kwamba na wenye wazimu wana matibabu yao pia, nao wamefungwa minyororo. Akaomba hifadhi ya Mungu akaendelea na safari. Kwa hivyo tukijisifu tujisifu kwa kipimo. Mgonjwa wa akili alikuwa na daktari, alikuwa na chakula cha wakfu, na alikuwa na mnyororo, vyote katika chumba kimoja.

Habari iliyo kamili kuliko zote inatoka Edirne, mji wa Uturuki ulio karibu na mpaka wa Bulgaria na Ugiriki. Sultani Bayezid wa Pili alianza ujenzi huko mwaka 1484, kando ya mto Tunca, na mwaka 1488 ukamalizika: msikiti, chuo cha tiba, jiko la kulisha watu, na hospitali. Ukumbi wa wagonjwa una pembe sita na kuba kubwa juu yake, vyumba vimeuzunguka, na katikati ni chemchemi. Upande mmoja pana jukwaa. Sauti ikitoka pale hupanda kubani na kuteremka sawasawa kwa kila chumba, hata kwa asiyeweza kuinuka kitandani. Fundi aliyejenga alikuwa anajua anachokifanya.

Katikati ya karne ya 17 alifika pale Evliya Çelebi, msafiri wa Kituruki aliyeandika kitabu kikubwa cha safari zake. Anasema sultani aliacha agizo la waimbaji na wapigaji 10: watatu ni waimbaji, waliobaki ni wa nai, fidla, udi, santuri na ala nyingine. Walikuja mara 3 kwa wiki. Walilipwa na wakfu, kama vile imamu anavyolipwa. Anasimulia pia maua ya masika yaliyopelekwa vyumbani wagonjwa wayanuse, na nyama za ndege walizopikiwa kwa maagizo ya tabibu. Evliya ana sifa ya kutia chumvi, nami sifichi; anaposema minyororo ya pale ilikuwa ya dhahabu na fedha, mimi natabasamu na kufungua ukurasa unaofuata. Lakini ule ukumbi upo, jukwaa lipo. Tangu 1997 mahali hapo ni jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Trakya, na mwaka 2004 lilipewa tuzo ya makumbusho ya Baraza la Ulaya. Ukiingia utakuta sanamu za wagonjwa wamekaa, na sanamu za wapigaji na ala zao.

Fikiria kidogo tarehe hizo. Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910.

Najua, ndugu msomaji, wewe unangoja swali lako lijibiwe: je, hukumu? Jarida hili si mahali pa fatwa na mimi si sheikh. Ninachoweza ni kukueleza kuwa ubishi wetu wa barazani ni wa kale kuliko baraza lenyewe. Wanachuoni wengi wa madhehebu manne walizikataza ala za nyuzi na zumari, wakaruhusu dufu katika harusi na Idi. Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki 1064, hakuzisahihisha hadithi za kukataza na akaruhusu. Hata hapa kwetu, Habib Swaleh alipoanzisha pale Lamu maulidi yenye matari, zaidi ya miaka 100 iliyopita, wako waliomkabili kwa maneno makali, na wako waliolia kwa raha. Qur'ani haimo katika mjadala huu. Kisomo hakiitwi muziki, hata kikisomwa kwa sauti kama ya Abu Musa al-Ash'ari, ambaye Mtume (S.A.W.) alimsifu kuwa amepewa sauti miongoni mwa zile za jamaa ya Nabii Daud.

Lakini kuna kitu nilikikuta katika kutafuta kwangu kikanifanya niweke kikombe chini. Sisi wa pwani ni Mashafii, na vitabu vya Shafii juu ya udi ni vikali. Ndani ya vitabu hivyohivyo, zile sherehe na hashiya zilizoandikwa baadaye, imetajwa sura moja: ikiwa matabibu wawili waadilifu watasema kwamba maradhi ya mgonjwa fulani hayatafaliwa na chochote ila kusikia udi, basi yao yafuatwe, na kwa huyo mgonjwa kusikiliza kunakuwa halali, kama inavyohalalika dawa yenye najisi kwa mwenye dharura. Wawili, waadilifu, na kwa mgonjwa huyo tu. Yaani hata mtu aliyeifunga milango yote alikumbuka kumwachia mgonjwa dirisha. Sisi barazani tulibishana saa nzima na mgonjwa hatukumkumbuka.

Na sauti haihitaji ala. Katika Bukhari na Muslim mna habari ya Anjasha, kijana mwenye sauti nzuri aliyekuwa akiwaimbia ngamia safarini. Ngamia wakisikia wanakaza mwendo, na juu yao wamepanda wanawake. Mtume (S.A.W.) akamwambia aende taratibu, akiwafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. Sauti inaendesha mwili, hata wa mnyama, na aliye na sauti anabeba dhamana.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima cha jambo hili ndani ya Ihya. Humo amenukuu rai ya wazee waliomtangulia kuwa wimbo hautii moyoni kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Vijana wenzangu, hapa pasomeni mara mbili. Mtu aliyeachwa na mchumba, au aliyefeli mtihani, au ambaye huzuni imemkalia miezi bila sababu anayoijua, anajifungia chumbani, anatia vile vya masikioni, anarudia wimbo uleule wa majonzi mpaka saa tisa za usiku, na asubuhi anasema muziki ndio unaomliwaza. Watafiti wa siku hizi wameona kuwa kwa watu wenye huzuni iliyozidi, kusikiliza kwa namna hiyo ya kuutafuna na kuutafuna msiba kunaweza kuwazidishia. Wimbo haukuleta huzuni, ila kila usiku umeitikisa. Na umefanya hivyo bila daktari aliyeshika mshipa.

Je, sayansi ya leo inasemaje kuhusu kitanda cha mgonjwa wa al-Kindi? Mwaka 1973, mjini Boston, Marekani, madaktari waliandika njia ya kuwasaidia waliopoteza kauli kwa kiharusi. Wengine kati ya hao hawawezi kusema "nataka maji", lakini wanaweza kuimba. Basi wanafundishwa kuyaimba maneno polepole huku wakigonga kwa mkono wa kushoto, mpaka wimbo ugeuke kuwa usemi. Na mwaka 2008 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya wagonjwa 54 wa kiharusi. Wengine walisikiliza kila siku muziki waliouchagua wenyewe, wengine vitabu vinavyosomwa kwa sauti, wengine hawakupewa chochote cha kusikiliza. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya miezi waliosikiliza muziki walikuwa wamepata nafuu zaidi katika kukumbuka maneno na kukaza fikira, na huzuni yao ilikuwa ndogo. Kuhusu huzuni ya muda mrefu, mwaka 2017 zilipitiwa tafiti 9 zenye watu 421, ikaonekana kuwa tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida inasaidia zaidi ya matibabu hayo peke yake, angalau kwa kipindi kifupi. Ikiongezwa, nasema. Usimtoe mtu kwenye vidonge vyake ukamwekea redio.

Hakuna aliyefufuka, kama unavyoona. Lakini al-Kindi angevielewa vipimo vile.

Turudi mtaani. Nilipokulia palikuwa na nyumba moja, siitaji. Kijana wao alikuwa mkubwa wetu madrasani kwa miaka michache, na wakati wa maulidi yeye ndiye aliyekuwa akitangulizwa mbele kwa sauti yake. Alipofika miaka ya ishirini hivi akaanza kusema peke yake, halafu kutolala, halafu kutoka nje usiku bila nguo. Walimpeleka kwa waganga, walimsomea, wakachoka, na mwishowe wakamtia chumba cha uani chenye komeo kwa nje. Wapwa zake walipoposwa, wageni waliambiwa amesafiri. Nasi watoto tulipopita uchochoroni tulimsikia akiimba kaswida zilezile tulizosoma pamoja, mwanzo mpaka mwisho, hakosei hata neno. Watu wazima walituambia tupite haraka, hizo ni kelele za mwendawazimu. Miaka yote hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyesimama pale nje ya dirisha akaitikia.

Edirne mtu kama huyo angepelekewa waimbaji watatu, mara 3 kwa wiki, kwa mali ya wakfu. Pwani yetu wakfu hazikosi: mashamba, maduka, nyumba, visima. Ya wagonjwa wa akili mimi sijaisikia. Kama wewe unaijua niandikie, nitafurahi kusahihishwa.

Hayo yote nilimsimulia yule kijana wa barazani kabla Ramadhan haijaisha. Alisikiliza, na kuhusu al-Kindi na Bayezid hakuuliza kitu. Aliuliza: "Kwani huyo wa uani, sasa yuko wapi?"

Nikamwambia yuko palepale. Siku ya Idi mosi, baada ya swala, tukaenda wawili na sahani ya vileja. Mamake, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, alituangalia kwa muda mrefu kabla ya kutupisha. Nywele zake yule ndugu zimejaa mvi. Hakutujibu salamu, alikaa akitazama ukuta. Kijana wangu, bila kuniuliza, akaanza kaswida ya madrasani kwa sauti ya chini. Beti ya kwanza, kimya. Beti ya pili akageuza kichwa, na ilipofika kiitikio akamsahihisha lahani.

Mamake alikwenda kutafuta kiti cha tatu. Tangu hapo tumekuwa tukienda kila Ijumaa, na tumemwomba atukubalie twende naye kliniki. Bado anafikiri.